Mgeni wa Ghorofa ya Sita

Kadiri chumba kilivyokuwa kizuri, ndivyo hasira ya Chizuru ilivyozidi kupanda. Kitanda kilikuwa kipana, shuka zimenyooka kama karatasi, na mito ilikuwa miwili, mmoja laini na mwingine mgumu kidogo, ili mgeni achague mwenyewe. Mezani palikuwa na birika, majani ya chai na keki ndogo ya maharagwe matamu. Nguo ya kulalia ilikuwa imekunjwa kando ya ndala za kitambaa. Kila kitu kilisema karibu. Na siku hiyo hakuna neno lililomuuma kuliko hilo, kwa sababu Akita ulikuwa mji wake, na mtu hakaribishwi kwao.

Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba bado uko begani, akitazama ukuta.

Kaka yake, Yasunori, alikuwa amemwambia kwa simu kwamba akishuka kwenye treni avuke uwanja wa stesheni na kuingia moja kwa moja hotelini. Mengine wangeyaongea wakionana. Lakini Chizuru hakuwa mtu wa kwenda hotelini kabla hajafika nyumbani. Kila mwaka sikukuu ya Bon ilipofika, wafu wanaporudi kukaa na watu wao, yeye naye aliliacha duka lake la achari huko Osaka akarudi kwa mama yake. Mwaka huu ndio kabisa. Mama alifariki Februari, kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa Bon yake ya kwanza. Roho inayorudi mara ya kwanza haijazoea njia. Lazima itundikiwe taa nyeupe ya karatasi nyumbani, na lazima watoto waende kaburini jioni, wawashe moto na kuiongoza mpaka mlangoni. Isipoongozwa itatangatanga kama mtoto aliyepotea sokoni.

Basi alikuwa amepanda teksi pale stesheni, akavuka mto, akafika mtaani kwao. Dereva akasimama.

"Ni hapa, mama."

"Si hapa."

"Mtaa ndio huu. Na namba ndiyo hii."

Chizuru akatazama tena. Palikuwa na lami mpya, mistari myeupe, mashine ya kulipia maegesho na magari matatu. Mti wa kaki uliokuwa karibu na lango, ambao mama yake aliuvunia kila Oktoba na kumtumia matunda Osaka, haukuwepo hata kisiki chake. Pale ilipokuwa madhabahu ya nyumbani, palipokaa picha ya baba yao kwa miaka mingi, palikuwa pameegeshwa gari dogo lenye kibandiko cha sungura kwenye kioo cha nyuma.

Dereva alikohoa. Alisema siku hizi watu wengi wanabomoa, theluji inazishinda nyumba za zamani. Chizuru alimwomba amrudishe stesheni, na njia nzima alishikilia mkanda wa mkoba kama mtu anayezuia mbwa.

Yasunori alikuwa akimsubiri hotelini chini, kwenye sehemu ya kahawa. Alikuwa mzee wa miaka sitini na sita, mhandisi mstaafu wa mabomba ya maji, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo vyote. Juu ya magoti alipakata sanduku lililofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Chizuru alijua mna nini humo: picha ya mama na kibao chenye jina lake la marehemu.

Hakukaa.

"Nyumba iko wapi?"

"Keti kwanza, Chizu."

"Nimekuuliza nyumba iko wapi."

"Kumbe umekwenda."

"Nimekwenda. Nimekuta gari la mtu limelala pale alipokuwa baba."

Yasunori alieleza kwa sauti yake ileile ya kusoma mita. Nyumba ilibomolewa Juni. Paa lilikuwa limepinda, na baridi nyingine ingeliangusha juu ya ukuta wa jirani. Alikuwa amekusudia kumwambia Aprili, kwenye kisomo cha siku ya arobaini na tisa, lakini Chizuru hakuja kwa kuwa alikuwa amevunjika mguu, na yeye hakuona vizuri kuyasema kwa simu.

"Nilivunjika mguu, kaka. Masikio yalikuwa mazima."

Watu wa meza ya pili waliinamia vikombe vyao. Yasunori naye aliinamia sanduku. Kisha akampangia jioni itakavyokuwa: saa kumi na mbili wangekwenda kaburini, wangewasha taa, na kumwongoza mama mpaka hapa. Alikuwa amechukua chumba kingine ghorofa ya sita, kilichopakana na cha Chizuru, na mezani alikuwa ameshatandika kitambaa cheupe.

Chizuru alicheka, kicheko kisicho na meno.

"Hapa? Mama atapandishwa lifti? Kwani Sendai kwako hakuna nafasi?"

Yasunori alisema kwamba Chizuru anajua vizuri hali ya Sendai. Nyumba ile ni ya wazazi wa mkewe, madhabahu iliyomo ni ya wazazi wa mkewe, na watu hawachanganyi wafu wa koo mbili chini ya paa moja. Mama angekuwa mpangaji.

"Na hapa je, atakuwa mwenyeji?"

Yasunori alikaza fundo la kitambaa cha zambarau.

"Sikiliza," Chizuru akasema, na sauti yake ilishuka chini, jambo ambalo ndugu yake alilijua tangu utotoni kuwa ni baya kuliko kelele. "Taa nitaishika mimi. Nitamwongoza mama mpaka kwake. Kama kwake sasa ni lami, basi tutakaa kwenye lami, mimi na yeye. Wewe kaa hapa unywe kahawa."

"Ile mashine inahesabu kwa dakika, Chizu."

"Usinitanie."

Lakini Yasunori hakuwa akitania. Ndivyo alivyokuwa: alitaja jambo la kweli pale ambapo hakuna aliyeliuliza.

Ndiyo maana sasa Chizuru alikuwa chumbani, mkoba begani, akiuchukia mto laini na mto mgumu kwa pamoja. Baadaye kidogo alisimama, kwa sababu hata hasira haiondoi kazi. Alitoa tango alilolichuma Osaka, akalitia miguu minne ya vijiti. Huyo ndiye farasi wa kumleta mama kwa haraka. Aliuchomeka kila mguu kwa nguvu kiasi kwamba mmoja ulitokea mgongoni, akalazimika kuuchomoa na kuuweka upya. Joto lilimzidi, akaenda kulifungua dirisha. Lilifunguka upana wa kiganja tu, kama madirisha ya hoteli yalivyo. Chini yake, karibu sana, palikuwa na reli na majukwaa ya stesheni.

Treni moja ilikuwa inataka kuondoka. Kengele zikapiga wimbo wake mfupi, sauti zikipanda moja baada ya nyingine, kisha ya mwisho ikishuka ghafla, kama mtu aliyeanza kusema neno akaghairi.

Mkono wa Chizuru ulibaki kwenye dirisha.

Wimbo ule aliujua. Hakuujua kwa kuupitia stesheni mara moja kwa mwaka akiwa na mizigo. Aliujua kwa kuusikia akiwa jikoni kwake Osaka, usiku wa baridi, simu ikiwa sikioni. Mama alipenda kupiga simu baada ya chakula cha jioni, na kila mara, katikati ya habari za theluji na bei ya kabichi, kengele hizo zilipita nyuma ya sauti yake. "Nini hiyo, mama?" aliwahi kumuuliza. "Redio," mama akasema. "Niipunguze?" Na kila Chizuru alipomwonya asipande juu ya paa kuondoa theluji, mama alicheka na kumjibu, "Nipande paa nikatafute nini?"

Kutoka nyumbani kwao, ng'ambo ya mto, hata mluzi wa treni haukusikika.

Alishuka chini kwa ngazi, maana hakuweza kusubiri lifti. Aliyekuwa mapokezi alikuwa yuleyule mwanamke mwenye mvi aliyempa ufunguo, Bi Hatakeyama. Chizuru alimuuliza bila salamu kama mama yake, Sawaguchi Fumie, aliwahi kulala hapo.

Bi Hatakeyama aliweka viganja vyake juu ya kaunta, kimoja juu ya kingine.

"Habari za wageni wetu hatuzitoi, mama. Naomba utuwie radhi."

"Mgeni mwenyewe amekufa."

"Hata hivyo," Bi Hatakeyama akasema taratibu, na akainama.

Chizuru aliondoka pale ameshapata jibu lake. Mtu ambaye hajawahi kulala mahali husemwa hakulala, basi. Hakuna anayefunga mlango wa chumba kitupu kwa uangalifu namna ile.

Jioni ndugu hao wawili walikwenda kaburini. Makaburi yote ya hekalu yalikuwa na watu. Familia zilimwagia mawe maji, watoto walirukaruka, na moshi wa maganda ya mti, yale meupe ya mlimani ambayo watu wa Akita huwashia moto wa Bon, ulikuwa umetanda chini kama blanketi. Wenzao walikuwa wanaagana kwa vicheko, kila mmoja anamwambia marehemu wake, haya, twende nyumbani. Chizuru aliyasikia maneno hayo kushoto na kulia, na kila aliyeyasema alikuwa kama anamtia kidole jichoni. Mwenda kwao si mtumwa. Lakini asiye na kwao huenda wapi?

Yasunori aliwasha maganda. Chizuru aliuchukua moto kwa mshumaa, akautia ndani ya taa nyeupe, akaishika kwa mikono miwili na kutoka langoni. Ndugu yake alimfuata nyuma na farasi wa tango mkononi, maana hapakuwa na mwingine wa kumbeba.

Walipofika njia panda, Chizuru alisimama. Kulia ilikuwa barabara ya mtaani kwao. Mbele ilikuwa daraja, na ng'ambo ya daraja, juu ya mapaa, taa za hoteli.

"Alikaa pale kwa muda gani?" akauliza bila kugeuka.

Yasunori alizipisha kwanza baiskeli mbili.

"Nani amekwambia?"

"Redio."

Hakuelewa, lakini alijua kwamba mambo yameshamwagika. Akaanza kusema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mita. Miaka minne iliyopita, Januari, theluji ya paani ilimporomokea mama uani ikamfukia mpaka kifuani. Jirani aliyekuwa akimpelekea maboga ndiye aliyemkuta na kumchimbua. Yasunori alimsihi ahamie Sendai, mama akakataa kulala chini ya madhabahu ya watu wengine. Akamtafutia nyumba ya wazee, mama akaikagua, akasema inanuka supu. Alipotoka huko akaona hoteli ya stesheni. Akaingia kujaribu usiku mmoja. Kulikuwa na joto, bafu kubwa la maji moto, kifungua kinywa hakihitaji kuchotewa maji ya barafu, na dirishani treni. Tangu hapo alihamia ghorofa ya sita, na ng'ambo ya mto alirudi kiangazi tu. Yasunori alikuja kumwona kila Jumamosi.

"Nawe ukaniambia alifia nyumbani, akinywa supu asubuhi."

"Alikuwa anakunywa supu. Asubuhi. Hilo ni kweli."

"Usinipe kweli zako za vipandevipande, kaka. Nimechoka nazo. Kwa nini sikuambiwa?"

"Alinikataza. Alisema ungefunga duka ukaja."

"Ningekuja!"

"Ndiyo maana alikataza."

Chizuru aligeuka, na taa ikayumba. Alisema kwa nguvu kiasi kwamba mama mmoja aliyepita na watoto alivuka upande wa pili wa barabara. Alisema hao wawili walimfanya mjinga. Alisema kila kiangazi aliikuta nyumba iko vilevile, magodoro yameanikwa juani, mboga zimelowekwa, maji ya kuoga yako tayari, na yeye akadhani anaingia kwao, kumbe mwenye nyumba anaishi kwingine. Na nyumba yenyewe ikabomolewa kama banda la kuku, bila hata yeye kuulizwa.

"Ungekubali ibomolewe?" Yasunori akauliza.

"Ningekataa."

"Unaona."

"Ningekataa, lakini ungeniuliza. Hilo tu. Ungeniuliza nikatae."

Hilo lilimgusa mzee yule mahali fulani, kwa maana alilitazama lile tango mkononi mwake kwa muda. Alipoinua uso alikuwa naye amekasirika, na Chizuru hakukumbuka mara ya mwisho alipomwona hivyo.

"Nikwambie jambo, Chizu? Ile nyumba baada ya baridi ya kwanza haikuwa inafaa mtu kuishi. Sakafu imeoza, panya darini. Kila Julai mama alitoka hotelini wiki tatu kabla ya wewe kuja, mimi na yeye tukasafisha. Ana miaka themanini na nne anapiga magoti anasugua ubao. Nikamwambia, mwambie binti yako alale hotelini kama watu wengine. Akasema, mtoto akirudi alale kwao. Unaniuliza alikaa hotelini muda gani? Ile nyumba ndiyo ilikuwa hoteli. Hoteli yako wewe. Ya mgeni mmoja."

Chizuru angependa kuitupa taa ile mtoni. Kwa kitambo mikono yake iliishika kama anayepima uzito wa jiwe. Alimwona mama amepiga magoti, kitambaa mkononi, anafuta alama za panya kwa ajili ya mtu atakayekaa siku chache, atakayeisifu achari ya figili na kuondoka. Kumbe yeye alikuwa ameshafanywa mgeni zamani, tena na aliyempenda kuliko wote. Hasira aliyomwekea kaka yake iligeuka, ikamtafuta mwenye kosa, na mwenye kosa, mama, alikuwa amekufa, yuko mahali fulani nyuma ya bega lake, anangoja aonyeshwe njia.

Taa ilikuwa inaungua. Mshumaa haukuwa mrefu.

Alitazama kulia, kwenye barabara ya mtaani kwao. Angekwenda huko, angesimama kati ya mistari myeupe, angemkalisha mama kando ya gari la sungura, kwenye nyumba ambayo mama mwenyewe aliikimbia akiwa hai. Angekuwa anamwongoza nani, na kwa ajili ya nani?

"Mama," akasema kwa sauti, bila kujali nani anasikia, "umenikosea. Umenikosea sana."

Kisha akashika njia ya darajani. Alitembea haraka, kama mtu anayemvuta mwenzake kwa mkono, na Yasunori alilazimika kuongeza hatua.

Mbele ya hoteli milango ya kioo ilifunguka yenyewe. Bi Hatakeyama alitoka mbio, akasimama kando ya njia, akawaomba radhi kwa maneno mengi ya heshima. Moto hauwezi kuingia ndani. Ni sheria ya jengo. Alisikitika mno.

"Hata ubani walimkataza mama," Yasunori akasema kwa chini. "Alikuwa anauchomea bafuni, feni inavuma."

Bi Hatakeyama alitazama pembeni kama ambaye hakusikia kitu. Kisha akaunganisha visigino, akainama. Hakumwinamia Chizuru. Aliiinamia ile taa, chini kabisa, akakaa hivyo, akasema yale wanayoambiwa wageni wa hapo wanaporejea jioni:

"Umerudi salama."

Hilo nalo lilimkasirisha Chizuru, kwamba mtu baki ndiye aliyejua la kumwambia mama yake. Aliiinua taa mpaka usawa wa uso.

"Umesikia, mama? Moto hauingii. Basi nakuzimia taa hapa. Ingia mwenyewe, njia unaijua kuliko mimi."

Akauzima mshumaa kwa pumzi moja.

Kwenye lifti Yasunori alibonyeza sita. Chizuru alikuwa amejibana pembeni, na walipopita ghorofa ya nne ndipo alipogundua kwamba amejibana ili kuacha nafasi ya mtu wa tatu. Hakusogea.

Katika chumba chenye kitambaa cheupe, Yasunori alifungua kile cha zambarau, akaweka kibao na picha juu ya meza, kisha akasema atakwenda kutafuta chakula. Dada yake alimwambia alete na wali wa kuchoma kwa mama, na asisahau figili iliyokaushwa kwa moshi. Na asidhani yameisha, kwa sababu hayajaisha. Yasunori alisema anajua.

Alipobaki peke yake Chizuru alilifungua dirisha upana wa kiganja, akamweka farasi wa tango kwenye kizingiti, uso umeelekea reli. Akachemsha maji, akamimina vikombe viwili. Kutoka kitandani alichukua mto laini, kisha akakumbuka kwamba mama yake alipenda kulalia mgumu, akaurudisha akachukua ule mwingine na kuuweka kwenye kiti cha mbele ya picha. Chini kengele zilipiga wimbo wao.

"Redio," akamwambia mwanamke wa kwenye picha. "Redio, mama?"

Mwanamke wa kwenye picha alitabasamu vilevile.

"Leo kunywa chai upumzike, umetoka safari. Kesho asubuhi tunaanza, na utanieleza moja baada ya jingine."

Wafu hukaa mpaka Bon iishe ndipo huagwa kwa moto mwingine. Husemwa kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mama yake, Chizuru hakukusudia kuingoja hiyo ya tatu.